Kasiba Pacha za Kiingereza: Namna ya Kuzisoma Mpaka Ujue Zimetoka Wapi

Jina lililochongwa juu ya kasiba, yaani mtutu wa bunduki, ni jina la aliyeiuza bunduki. Pengine ndiye aliyeiunda, pengine siye. Anayetaka kujua asili ya bunduki kongwe ya Kiingereza yenye mitutu miwili hana budi kuifungua, aipindue kasiba chini juu, asome chapa zilizopigwa upande ambao mnunuzi wa dukani haangalii. Mwongozo huu ni kwa wenye kazi hiyo Unguja na Pemba: warithi waliokuta bunduki darini, wauzaji wa vitu vya kale wa Mji Mkongwe, na watunzaji wa makumbusho wanaotaka kuandika maelezo ya kweli.

Bunduki tunazozungumzia ni zile za mifuo, yaani ndani ya kasiba mmechongwa mifereji inayozunguka ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Waingereza walizitengeneza kwa ajili ya tembo, nyati na faru, na Unguja ilipokuwa soko kuu la pembe, baadhi yake zilishuka bandarini hapa. Magobori yalikuwa mengi kupita kiasi, hizi zilikuwa chache na ghali. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizidi kuzipunguza, kwa kuwa ulibana uingizaji wa bunduki za mifuo katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, na Zanzibar imo ndani yake. Kwa hiyo ukikuta kasiba ya baada ya mwaka huo, jua kwamba aliyekuja nayo aghalabu alikuwa mtu wa kibali: ofisa, mwindaji au mkubwa fulani. Ndiyo maana kuitambua vizuri kuna faida, kwani tarehe ya kasiba humpunguza mwenyewe kutoka maelfu mpaka wachache.

Kabla ya kugusa

Bunduki kongwe bado ni silaha, hata ikiwa na kutu, na kasiba tupu ni sehemu ya silaha. Iliyokutwa kwenye nyumba ya urithi itolewe taarifa polisi kabla ya kuhamishwa. Anayetaka kununua aulize kibali kabla ya kutoa pesa, na anayetaka kuitoa Zanzibar aulize mara mbili, kwani hapo kuna suala la silaha na suala la mali ya kale.

La pili ni kuhakikisha haina kitu ndani. Bunduki ya kuvunjika katikati ifungue, utazame tundu zote mbili dhidi ya mwanga. Ile ya kushindiliwa mdomoni ndiyo ya hatari zaidi, maana nyingi ziliwekwa darini zikiwa zimejazwa. Chukua ufito wa mti ulionyooka, usiwe wa chuma, uuingize mdomoni taratibu mpaka ugote, utie alama kwa kalamu pale ufito unapolingana na mdomo wa kasiba. Utoe, uulaze nje sambamba na kasiba, alama ikae mdomoni. Ncha ya ufito ifike karibu na chuchu inapokaa fataki, kwa sababu nyuma ya hapo pana kizibo cha chuma tu. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya chuchu, ndani mna kitu. Pima tundu zote mbili, kwani huenda moja ni tupu na nyengine imejaa. Usijaribu kukitoa. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu huwaka hata baada ya miaka mia, na cheche ya chuma kwa chuma inatosha. Hiyo ni kazi ya polisi.

Kusafisha bila kufuta ushahidi

Kasiba nyingi zimeharibiwa Zanzibar kwa mapenzi kuliko kwa kutu. Mtu huchukua msasa, au ndimu na mchanga kama anayesugua sinia la shaba, akaisugua mpaka ing'are. Ikishang'ara, chapa zimekwisha, na rangi ya kahawia iliyotiwa na fundi imekwenda pamoja nazo. Asidi ya ndimu na ya siki huingia ndani ya mishono ya lehemu baina ya kasiba mbili, ikakaa humo ikila chuma kimyakimya miezi mingi baada ya kazi kwisha.

Vifaa vinavyohitajika vinapatikana Darajani kwa siku moja: mafuta ya taa, mafuta ya cherehani, brashi ya meno laini, vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha, pamba, tochi ndogo, kioo cha kukuzia, penseli laini na karatasi nyembamba. Ongeza kalipa ya kupimia milimita. Ya plastiki inafaa, tena ni bora kuliko ya chuma kwa kuwa haikwaruzi.

Toa kibao cha mbele kwanza. Katika bunduki nyingi hushikwa na kabari ndogo inayosukumwa kwa upande, au komeo la kuvuta. Kisha fungua mtambo na unyanyue kasiba zitoke. Zikikataa, usipige nyundo. Tia mafuta ya taa kwenye bawaba, ngoja siku moja au mbili, ujaribu tena. Bisbisi isiyoenea mfuo wa skrubu huupasua, na skrubu iliyopasuka haitibiki.

Lowesha sehemu ya chini kwa mafuta ya taa, iache nusu saa, sugua kwa brashi, chokoa ndani ya chapa kwa kijiti cha mianzi. Rudia mara tatu au nne kwa subira. Kutu nyekundu itatoka, ile nyeusi iliyotulia iache. Ukimaliza kausha na upake mafuta ya cherehani kidogo. Bahari yetu iko karibu, na chuma kilichosafishwa kikaachwa kikavu huanza kutu siku hiyo hiyo.

Mahali pa kutazama

Pindua kasiba, mdomo uwe mbali nawe. Karibu na wewe, chini ya tundu za kutilia risasi, utaona nyuso mbili bapa, moja kila upande wa jino kubwa linaloingia ndani ya mtambo. Hizo nyuso bapa ndizo daftari la kasiba. Baada ya hapo fuata sehemu ya mviringo inayofunikwa na kibao cha mbele, sentimita 15 hadi 20, halafu ukanda mwembamba uliopachikwa katikati ya kasiba mbili. Usisahau pande za jino lenyewe, wala mdomo wa tundu la nyuma.

Laza tochi, usiimulike kutoka juu. Mwanga ukija karibu usawa na chuma, kivuli hujaa ndani ya chapa na herufi iliyofifia husomeka. Zungusha tochi pande zote nne, maana herufi hiyohiyo huonekana upande mmoja na kupotea mwingine. Kisha weka karatasi, usugue kwa ubavu wa penseli. Piga picha, lakini usitegemee picha peke yake. Chora kila chapa mahali pake kwenye karatasi kubwa, kulia na kushoto, hata zile usizozielewa. Chapa isiyoeleweka leo huja kueleweka ukipata ya jirani yake.

Nyumba mbili za majaribio

Sheria ya Uingereza ilitaka kila kasiba ijaribiwe kwa shindo kubwa kuliko la kawaida kabla ya kuuzwa, na iliyosalimika ipigwe chapa. Nyumba za kazi hiyo zilikuwa mbili: ya London, chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati mwaka 1637, na ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813.

London hutambulika kwa chapa mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni herufi V chini ya taji, yaani imetazamwa. Nyengine ni G na P zilizosokotana chini ya taji, yaani imejaribiwa. Chapa hizi zilitumika muda mrefu mno, kwa hiyo zenyewe hazikupi tarehe. Utaipata kwa zinazozizunguka. Kuanzia 1904 London iliongeza chapa ya baruti isiyo na moshi: mkono ulioshika jambia lililopinda, chini yake NP. Ukiuona huo mkono, uko kati ya 1904 na 1954.

Birmingham ni rahisi zaidi kwa tarehe. Kuanzia 1813 mpaka 1904 ilipiga fimbo mbili za kifalme zilizopishana kama herufi X, taji juu yake. Chapa moja ina B, P na C katika nafasi za X, nyengine ina V. Mwaka 1904 zikaondoka, zikaja taji juu ya BV, taji juu ya BP, na kwa baruti isiyo na moshi taji juu ya NP. Mwaka 1954 NP ikawa BNP. Basi ukiona fimbo zilizopishana zenye BPC, hiyo ni kabla ya 1904. Ukiona BNP, ama kasiba ni mpya ama imejaribiwa upya, na hilo la pili hutokea sana kwa bunduki kongwe zilizotengenezwa tena.

Zipo fimbo nyengine zilizopishana zinazowachanganya watu, ndogo, zenye herufi moja moja katika nafasi zake. Hizo ni alama za mkaguzi wa Birmingham, na kuanzia 1921 moja ya herufi hizo ni ya mwaka. Hazina taji wala BPC. Tofauti hiyo ndogo huisogeza bunduki miaka mingi, kwa hiyo tafuta taji kwa kioo cha kukuzia kabla hujaandika chochote.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulikosea, na sisi tunalisisitiza kuliko jengine lolote. Nyumba ya majaribio si kiwanda. Fundi wa Birmingham aliweza kupeleka kasiba London kwa sababu mteja aliitaka chapa ya London. Muuzaji wa London aliweza kununua kasiba zilizokwishajaribiwa Birmingham akaweka jina lake juu. Chapa ya London juu ya kasiba inathibitisha kwamba kasiba ilipita London. Usiitwishe zaidi ya hapo.

Namba

Kando ya taji utaona namba. Kasiba za zamani hupimwa kwa ratili: ukichukua ratili moja ya risasi (madini yenyewe) ukatengeneza vidonge sawasawa vya mviringo, idadi ya vidonge vinavyoenea tundu ndiyo namba yake. Namba ndogo ni tundu kubwa. Namba 4 ni milimita 26.7, namba 8 ni 21.2, namba 10 ni 19.7, namba 12 ni 18.5. Kuanzia 1855 namba hii ilipigwa kwa utaratibu.

Kwa tundu ndogo namba hupanda na kuwashangaza wasomaji. Kasiba yenye 25 si ya milimita 25. Hiyo ni milimita 14.5, ndiyo iliyopigwa kwenye kasiba nyingi za kipimo cha inchi .577. Kwa nini 25 na si 24? Mjaribu alisukuma vipimo vya chuma tunduni, akaandika kile kikubwa kuliko vyote kilichoingia. Cha 24 ni kipana kidogo kuliko .577, kwa hiyo kiligoma. Kwa sababu hiyohiyo .450 hupigwa 52. Pima mdomo kwa kalipa, ukilinganisha na namba. Zikitofautiana kwa nusu milimita au zaidi, huenda kasiba imechongwa upya ndani baada ya kujaribiwa.

Kwenye kasiba za namba kubwa tafuta pia umbo la almasi lenye namba juu na C chini. Hiyo ni kipimo cha chumba cha risasi, na ilianza 1887. Maneno NOT FOR BALL ni ya 1875 hadi 1887, nayo hukwambia moja kwa moja kwamba hii si bunduki ya mifuo, ni ya marisau, yaani vidonge vidogo vingi kwa mpigo mmoja, yenye mdomo uliobanwa. Baada ya 1887 neno likawa CHOKE.

Baada ya 1904 kasiba za mifuo huandikwa shindo lake waziwazi: neno CORDITE, ambalo ni baruti isiyo na moshi ya Waingereza, likifuatwa na namba mbili na MAX. Namba ya kwanza ni uzito wa baruti, ya pili ni uzito wa kichwa cha risasi, zote kwa greni. Greni moja ni gramu 0.065. Namba hizi ni kama pasipoti ya kasiba, hata pale kipimo chenyewe kimefutika: 70-480 ni .450 ya Nitro Express (jina la risasi za baruti hiyo isiyo na moshi), 75-500 ni .470, 80-570 ni .500 ya inchi tatu, na 100-750 ni .577, ambayo kichwa chake cha risasi kina gramu 48.6. Ukikuta .470, .465 au .475, unayo tarehe nyengine bure. Vipimo hivi vilienea baada ya serikali ya India kupiga marufuku kipimo cha .450 mwaka 1907, na mafundi wakalazimika kubuni badala yake.

Chuma chenyewe

Sasa acha chapa, utazame ngozi ya kasiba. Sehemu iliyofunikwa na kibao cha mbele ndiyo bora, kwa kuwa haikushikwa na mikono ya jasho.

Ukiona mikanda midogo inayozunguka kasiba kwa mshazari, kama mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi mbili, hiyo ni kasiba ya kusokotwa. Mhunzi alichukua vyuma viwili tofauti, akavisokota, akavizungushia kwenye fimbo ya duara na kuviunga kwa moto. Zilifanywa Birmingham, na zilifanywa kwa wingi zaidi Ubelgiji, karibu na Liège, kutoka ambako mafundi wa Uingereza walinunua mirija mibichi kwa mafurushi. Michoro mizuri zaidi yenye vijiduara vingi aghalabu ni ya Wabelgiji. Mrija mbichi ulioingia Uingereza ukamalizwa huko ulipata chapa za Uingereza tu. Basi kukosekana kwa chapa ya Ubelgiji si ushahidi kwamba chuma ni cha Kiingereza. Kilichobaki ni herufi ndogo za fundi wa mrija, mbili au tatu, ndani ya sehemu iliyofunikwa au karibu na jino. Ziandike hata kama hazikwambii kitu. Nyengine zinajulikana, kama CL ya Charles Lancaster, ambaye alikuwa fundi wa kasiba wa Joseph Manton, fundi bunduki wa London, kabla ya kufungua duka lake mwenyewe London mwaka 1826.

Ngozi isiyo na mchoro ni feleji, yaani chuma cha pua. Hapo soma maneno. Sir Joseph Whitworth wa Manchester aliuza feleji iliyokandamizwa ikiwa bado maji, na alama yake ni mganda wa ngano pamoja na jina lake. Wafundi wakubwa wa London waliipenda kuanzia miaka ya 1880. Ikiandikwa Armstrong Whitworth ni baada ya kampuni mbili kuungana mwaka 1897. Feleji ya Krupp ya Essen, Ujerumani, ina duara tatu zilizoingiliana, nayo pia ilitumiwa na mafundi wa Uingereza bila haya. Kwa hiyo yawezekana chuma kikawa cha Kijerumani, kazi ya Birmingham, chapa ya London, na jina la muuzaji wa India. Yote manne ni kweli kwa wakati mmoja, na yote manne yaandikwe.

Angalizo kwa wanaotaka kuona mchoro ambao umefifia: usipake asidi. Futa sehemu ndogo kwa pamba yenye mafuta ya taa, uitazame ikiwa bado imelowa. Ikiwa mchoro upo, utajitokeza. Wapo pia waliochora mikanda kwa rangi juu ya chuma cha kawaida ili kuuza ghali. Mchoro wa uongo haufiki chini ya ukanda wa katikati, wala haupindi kwa kufuata mzunguko wa kasiba. Unarudia umbo moja kama kanga.

Ndani ya tundu

Mulika tochi kutoka nyuma, utazame kutoka mdomoni. Hesabu mifuo, na tia alama ya chaki mdomoni mahali ulipoanza ili usihesabu mmoja mara mbili. Tundu la Alexander Henry wa Edinburgh, lililopewa hataza mwaka 1860, lina pande saba zilizo bapa, na kijituta kidogo katika kila pembe. Mifuo ya William Metford, ya 1865, ni ya kina kifupi sana, kingo zake hazina ncha kali, na mara nyingi huambatana na jina lake lililopigwa kwenye kasiba. Fundi aliyeitumia sana ni George Gibbs wa Bristol. Majina haya yaliuzwa kwa leseni, basi neno HENRY'S PATENT juu ya kasiba ni jina la mfuo, na fundi anaweza kuwa mwengine kabisa.

Tundu laini lisilo na mfuo usiliite la marisau haraka. Tazama mambo mawili kwanza. La kwanza, sentimita chache za mwisho karibu na mdomo: ikiwa mifuo iko hapo tu, hiyo ni Paradox, ubunifu wa George Fosbery wa 1885 uliotengenezwa na Holland & Holland, na wengine waliuiga kwa majina yao. La pili, pima mdomo kwa kalipa kwa kipenyo kimoja, kisha zungusha robo duara upime tena. Vipimo vikitofautiana kidogo na tofauti hiyo ikizunguka kadiri unavyoingia ndani, ni tundu la yai la Charles Lancaster, ambalo huzungusha risasi bila mfuo wowote kuonekana.

Unene wa ukuta pia husema. Bunduki ya marisau ya namba 12 ina ukuta wa karibu milimita moja mdomoni. Kasiba ya mifuo ina milimita tatu au zaidi, na ukiishika kwa mkono mmoja uzito wake hukushtua. Bunduki nzima ya .577 hufika kilo 5.9, na ya namba 4 hupita kilo 9. Ukuta mwembamba wenye mifuo mipya ndani ni bunduki ya marisau iliyogeuzwa baadaye.

Jina, anwani na nyongeza za baadaye

Sasa ndipo tunarudi kwenye jina lililoko juu, tukiwa na cha kulipimia. Anwani ni muhimu kuliko jina, kwa sababu mafundi walihama. Purdey alikuwa 314½ Oxford Street mpaka 1882, kisha akahamia South Audley Street. Lancaster alikaa 151 New Bond Street kuanzia 1826 hadi 1904. Jina Holland & Holland lilianza 1876, kabla yake lilikuwa H. Holland. Anwani ikisema 1870 na chapa za chini zikisema 1910, ama kasiba imejaribiwa upya, ama mojawapo imebadilishwa, na hapo chapa ya chini ndiyo ya kuaminiwa.

Hapa Zanzibar tutarajie sana majina ya wauzaji wa India. R. B. Rodda & Co. na Manton & Co., wote wa Kolkata, waliuza bunduki nyingi nzuri walizoagiza Uingereza, na jahazi na meli za biashara kati ya India na Unguja hazikukoma. Army & Navy Co-operative Society ya London nayo ilikuwa duka, siyo kiwanda.

Neno TOWER lenye taji lisikubabaishe. Ni alama ya silaha za serikali ya Uingereza, lakini Wabelgiji walilipiga kwa wingi kwenye magobori ya biashara. Tafuta herufi ELG ndani ya yai. Hiyo ni Liège, na ikiwa na taji juu yake ni baada ya 1893. Maneno NOT ENGLISH MAKE yanajieleza yenyewe, nayo ni ya kuanzia 1925.

Kisha linganisha namba za mfululizo. Namba iliyoko kwenye kasiba iwe sawa na ya mwili wa mtambo na ya kibao cha mbele. Zikitofautiana, kasiba si za bunduki hii. Pitisha kidole sentimita 7 hadi 10 kutoka nyuma, ukisikia au kuona mstari mwembamba unaozunguka kasiba, imekatwa na kutiwa mirija mipya ndani ya tako la zamani. Hapo chapa za chini ni za bunduki ya zamani na tundu ni la fundi mwengine. Gonga kasiba zikiwa zimening'inia kwa uzi kwenye jino: mlio mrefu safi ni mishono mizima, mlio wa kufa ni lehemu iliyoachia mahali fulani.

Baadhi ya bunduki za hapa zimevishwa pete za fedha kwa mtindo wa Kiomani, na pete hukaa juu ya chapa. Usizivue. Kazi ya sonara ni sehemu ya maisha ya bunduki hiyo, na fedha nyembamba iliyokunjuliwa hairudi ilivyokuwa. Soma kinachoonekana, uandike kwamba sehemu fulani imefunikwa.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Juu: R. B. RODDA & CO., CALCUTTA. Chini, kila upande: taji juu ya BV, taji juu ya NP, na CORDITE 75-500 MAX. Feleji isiyo na mchoro. Mifuo mizima, ukuta wa mdomo milimita 3.5, namba za mfululizo zinalingana.

BV na NP zenye taji zinaipeleka Birmingham, kati ya 1904 na 1954. 75-500 ni .470, kwa hiyo mwanzo unasogea mpaka 1907 hivi. Rodda ni muuzaji. Hakuna chapa ya kiwanda cha feleji, basi chuma hakijulikani, na fundi hajulikani. Kama chini ya kibao kungekuwa na herufi mbili, zingeandikwa kama zilivyo, bila kubuni jina.

Jina likiwa la kampuni iliyo hai, kama Purdey, Holland & Holland au Westley Richards, iandikie. Wameyahifadhi madaftari yao, na kwa namba ya mfululizo wanaweza kueleza bunduki iliondoka dukani lini, ikiwa na kipimo gani. Tuma namba, picha za chini ya kasiba na za juu, na vipimo vyako. Kwa upande wa hapa, Nyaraka za Taifa Kilimani zina hati za zama za ubalozi na za utawala wa Waingereza, na mtu mwenye tarehe ya kasiba mkononi ana pa kuanzia kutafuta.

Kadi ya bunduki ya mfano wetu iandikwe hivi: "Kasiba pacha za mifuo, kipimo .470. Zimejaribiwa Birmingham, kati ya 1907 na 1954. Ziliuzwa na R. B. Rodda & Co., Kolkata. Fundi na asili ya feleji: havijulikani. Namba za kasiba, mtambo na kibao zinalingana. Hazikusuguliwa."